Daftari la Mpakani: Biashara ya Mara na Kenya

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya watu waliozoea mizani na hesabu za bandarini, na hekima yake haihitaji ushahidi mrefu. Mwenye duka asiyeandika kilichoingia na kilichotoka hawezi kujua kama anatajirika au anafilisika, mpaka siku rafu zake zitakapobaki tupu. Serikali nayo ina duka lake, nalo ni nchi nzima. Mlango wa duka hilo ni forodha, na daftari lake ni hesabu ya bidhaa zinazoingia kutoka nje na zinazotoka kwenda nje. Kwa hiyo serikali inayokagua biashara yake na jirani haitendi tendo la uadui, inatimiza wajibu. Lakini daftari lina udhaifu wake. Huandika kile tu kilichopita mbele ya karani. Tena, likiwekwa mbali na watu ambao mali ni yao, huweza kuwa sahihi katika tarakimu na pungufu katika maana.

Ni sehemu chache za Tanzania zinazofundisha jambo hili kwa uwazi kama Mara. Mji wa Musoma umekaa juu ya rasi katika Ziwa Viktoria. Kwa mkazi wa Nyakato, kata mojawapo ya mji huo, safari ya barabara mpaka Sirari, penye mpaka wa Kenya, ni ya saa chache tu. Dar es Salaam, penye bandari kuu na palipokuwa makao ya wizara kwa miaka mingi, iko mbali zaidi ya kilomita elfu moja. Mkulima wa pamba wa Bunda, mfugaji wa Butiama na mvuvi wa Musoma wamewekwa na maumbile karibu na Kisumu, na kwa miaka mingi waliwekwa na sheria chini ya Dar es Salaam. Historia ya biashara yao kwa muda wa miaka mia moja na zaidi ni historia ya mvutano kati ya maumbile hayo na sheria hiyo.

Kabla ya mpaka kuwapo, biashara ya ziwa haikuwa na karani. Majembe ya chuma yaliyofuliwa na Wazinza kusini ya ziwa yalisafiri mbali kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu. Samaki wakavu, nafaka, chumvi na mifugo vilibadilishwa kwa kadiri ya msimu na ya njaa. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kugawana nchi zilizo kati ya pwani ya bahari na ziwa. Mstari uliochorwa ulianzia pwani, ukaupita mlima Kilimanjaro kwa kuuzunguka upande wa kaskazini, ukaenda moja kwa moja mpaka ukingo wa mashariki wa ziwa katika digrii ya kwanza kusini ya ikweta. Mapatano ya mwaka 1890 yaliuvusha mstari huo juu ya maji. Wakuria na Wajaluo walijikuta wamekaa pande mbili, wengine katika himaya ya Mwingereza na wengine katika himaya ya Mjerumani, wala hakuna aliyewauliza. Hata hivyo kwa miaka kadhaa mstari ulikuwa wa karatasi tu, kwa maana hapakuwa na mtu wa kuulinda wala mzigo mkubwa wa kutozwa ushuru.

Reli ndiyo iliyouamsha mpaka. Mwaka 1901 reli ya Uganda, iliyojengwa na Waingereza kutoka Mombasa, ilifika Kisumu. Mara moja pwani yote ya ziwa, pamoja na ile ya Wajerumani, ikapata njia ya kwenda baharini. Wajerumani walikuwa na vituo vyao Bukoba, Mwanza, Musoma na Shirati, lakini hawakuwa na reli iliyofika huko. Basi ngozi, karanga na pamba za himaya ya Kijerumani zikapakiwa katika meli za Waingereza, zikashushwa Kisumu, zikaenda Mombasa. Na nguo na vyombo vya chuma vikarudi kwa njia hiyo hiyo. Hapo watawala wa Kijerumani waliona fumbo ambalo litaonekana tena na tena katika habari hii. Kadiri biashara ya ziwa ilivyostawi, ndivyo ushuru wao wa forodha ulivyoongezeka. Lakini ndivyo pia nauli ya reli ilivyoingia katika mfuko wa Mwingereza. Daftari la forodha lilionyesha faida, na ramani ilionyesha hasara. Jibu lao lilikuwa reli yao wenyewe kutoka Dar es Salaam, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kwenda Mwanza halikumalizika mpaka mwaka 1928, nalo lilimalizwa na Waingereza, ambao wakati huo walikuwa wamekwisha kuitwaa Tanganyika kwa vita na kukabidhiwa na Shirika la Mataifa kama nchi ya udhamini.

Chini ya bendera moja, mpaka ulianza kulala tena. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917. Tanganyika iliingia kwa hatua: mwaka 1923 mazao na vitu vilivyotengenezwa ndani ya nchi tatu viliruhusiwa kupita bila ushuru, mwaka 1927 ruhusa hiyo ilienea hata kwa bidhaa za ng'ambo zilizokwisha kulipiwa ushuru katika nchi mojawapo, na mwaka 1949 idara za forodha zenyewe ziliunganishwa kuwa moja. Tangu hapo mfanyabiashara wa Musoma aliweza kuagiza sukari ya Kenya kama vile alivyoagiza mchele wa Usukuma. Meli za shirika la reli zilizunguka ziwa, zikatia nanga Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na bandari za Uganda, na abiria wake hawakuhisi kuwa wanavuka kutoka nchi moja kwenda nchi nyingine.

Lau msomaji atatazama jambo hili kwa macho ya mnunuzi wa Musoma, ataliona kuwa neema tupu. Lakini kulikuwa na upande wa pili. Tangu miaka ya 1920 ushuru mzito uliwekwa juu ya ngano, siagi, sukari na baadhi ya bidhaa nyingine kutoka ng'ambo, kwa kusudi la kuwalinda walowezi na viwanda vya Kenya. Tanganyika, kwa kuwa ilikuwa ndani ya umoja huo, ililazimika kufuata. Matokeo yake yalikuwa mawili. Kwanza, mnunuzi wa Tanganyika aliacha kitu cha ng'ambo kilichokuwa rahisi kabla ya ushuru, akanunua cha Kenya kwa bei iliyoinuliwa na ushuru huo. Pili, hazina ya Tanganyika ilikosa ushuru wote ambao ungelipwa kama kitu kile kingetoka ng'ambo, maana kilichotoka Kenya hakikulipa kitu. Mwaka 1932 Sir Sydney Armitage-Smith, aliyetumwa kuchunguza fedha za Tanganyika, alieleza kuwa nchi hiyo maskini ilikuwa inatoa mapato yake kuvisaidia viwanda vya jirani. Hoja hiyo haikubadili siasa ya wakati ule, kwa sababu aliyetawala pande zote mbili alikuwa mmoja. Lakini haikufa. Ililala kama kaa la moto chini ya majivu, ikingoja upepo.

Upepo ulikuja na uhuru. Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliotangulia Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikuwa amesema kwamba yu tayari kuuchelewesha uhuru huo ikiwa kuchelewa kungewezesha nchi za Afrika Mashariki kupata uhuru pamoja na kuungana. Wakati huo huo tume iliyoongozwa na Sir Jeremy Raisman ilikuwa inachunguza uchumi wa nchi hizo. Tume ilikubali kuwa faida za soko moja hazigawanyiki sawa, ikashauri kiundwe kifuko cha pamoja: asilimia 6 ya mapato ya forodha na ushuru wa bidhaa za ndani, na asilimia 40 ya kodi ya mapato ya makampuni, iwekwe humo. Nusu ya fedha hizo iendeshe huduma za pamoja, na nusu igawiwe nchi tatu kwa mafungu yaliyo sawa, ili Kenya iliyochangia zaidi ipate kuwasaidia wenzake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa daftari la umoja kukiri waziwazi kwamba ndani ya soko moja yupo anayepata na yupo anayepotewa.

Fedha za kifuko hazikutosha kuondoa manung'uniko, kwa sababu Tanganyika haikutaka fidia peke yake, ilitaka viwanda. Mwaka 1964 mawaziri walikubaliana mjini Kampala kwamba baadhi ya viwanda vigawanywe: Tanganyika ijenge vya kuunganisha magari ya Land Rover na redio, na vya matairi na vitu vya alumini, Uganda ipate baiskeli na mbolea, Kenya ipate taa za umeme. Tena nchi yenye hasara katika biashara ya ndani iliruhusiwa kuweka kikomo cha bidhaa zitakazoingia kutoka kwa mwenzake. Kenya haikuyathibitisha mapatano hayo. Tanzania iliweka vikomo vyake, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1927 karani wa mpakani alipewa kazi ya kuzuia bidhaa ya Afrika Mashariki isiingie katika nchi ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 sarafu ya pamoja ilivunjika. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwezi wa Juni, na noti ya Tanzania ikawa na thamani yake na ulinzi wake.

Mkataba uliotiwa sahihi Kampala tarehe 6 Juni 1967 ulikuwa jaribio la kuokoa nyumba ambayo nguzo zake zimeanza kulika. Uliunda Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao makuu Arusha, ukaanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Katika habari ya ukaguzi wa biashara mkataba huo ulileta kifaa kipya kilichoitwa kodi ya uhamisho, na yafaa kazi yake ielezwe, kwa maana ndicho kifaa chenye akili nyingi kuliko vyote vilivyopata kutumika katika mpaka huu. Nchi haikuweza kutoza kodi hiyo ila dhidi ya mwenzake ambaye inanunua kwake bidhaa za viwandani kuliko inavyomwuzia. Haikuweza kuitoza juu ya kitu chochote ipendavyo, bali juu ya kitu ambacho yenyewe inakitengeneza, au itaanza kukitengeneza hivi karibuni, kwa kiasi kisichopungua asilimia 15 ya matumizi yake au thamani ya shilingi milioni 2 kwa mwaka. Kodi yenyewe haikuruhusiwa kuzidi nusu ya ushuru wa ng'ambo: ikiwa sabuni ya Ulaya inatozwa shilingi 30 kwa kila mia, sabuni ya Kenya isitozwe zaidi ya 15. Tena kila kodi ilipewa umri wa miaka 8, ikiisha iondoke.

Kwa masharti hayo Tanzania iliweza kuitoza Kenya na Uganda, Uganda iliweza kuitoza Kenya, na Kenya haikuweza kumtoza mtu. Mwenye nguvu alikubali kufungwa mikono kidogo ili aliye dhaifu apate kusimama. Benki ya Maendeleo iliyoundwa pamoja na Jumuiya ilifuata kanuni hiyo hiyo: nchi zote zilichangia sawa, lakini mikopo ilikusudiwa iende asilimia 38.75 Tanzania, asilimia 38.75 Uganda, na asilimia 22.5 Kenya. Hapana budi kukiri kuwa watu waliounda kanuni hizi hawakuwa wajinga wala wachoyo. Walitaka daftari lisomwe, na kosa lililoonekana ndani yake lisahihishwe kwa kipimo, si kwa hasira.

Kwa nini basi nyumba ilianguka? Sababu moja ni kwamba nchi zenyewe zilikuwa zinaondoka katika njia moja. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilitangulia mkataba kwa miezi minne. Makampuni makubwa ya kuagiza na kusafirisha bidhaa yalitaifishwa, na Shirika la Biashara la Taifa likaundwa kuyashika mambo hayo. Mwaka 1973 kazi yake iligawiwa, na kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara. Tangu hapo, mkaguzi na mnunuzi wakawa mtu mmoja. Mwenye duka wa Musoma hakuamua tena anunue wapi. Aliletewa au alikosa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 udhibiti wa fedha za kigeni ulienezwa hata kwa nchi wenza. Upande wa Kenya biashara iliachwa zaidi mikononi mwa watu na makampuni binafsi. Ilikuwa vigumu kwa kanuni moja kupima biashara kati ya shirika la umma na kampuni ya mtu, kwa kuwa kila upande uliuona ukaguzi wa mwenzake kuwa ni hila.

Sababu nyingine zilikuwa za siasa. Idi Amin alitwaa utawala wa Uganda tarehe 25 Januari 1971, na Nyerere akakataa kukaa naye meza moja. Hivyo baraza la marais watatu, lililokuwa na neno la mwisho, halikukutana tena. Mwaka 1974 palizuka ugomvi juu ya malori mazito ya Kenya yaliyopita Tanzania kwenda Zambia na kuharibu barabara. Mashirika ya reli, bandari na ndege yalianza kushikiliana fedha. Mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika la ndege la pamoja lilikufa, na Kenya ikaanzisha lake. Tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Siku iliyofuata TANU na ASP ziliungana kuwa Chama cha Mapinduzi, kwa hiyo katika kumbukumbu za wengi shangwe ya jambo la pili ilifunika mshindo wa jambo la kwanza.

Katika mgawanyo uliofuata meli za ziwa nazo zilitengana. MV Victoria ilibaki Tanzania. Zile mbili za kubeba mabehewa, zilizoundwa katika miaka ya 1960 na kupewa majina ya matumaini ya wakati ule, zilienda njia mbalimbali: Umoja ilikwenda kwa Tanzania, na Uhuru kwa Kenya. Hakuna mshairi ambaye angethubutu kutunga mfano wa wazi namna hiyo.

Waliofunga mpaka walikuwa na hoja, na haki yao ni kusikilizwa. Walisema kuwa Tanzania imekuwa soko la viwanda vya Kenya kwa miaka hamsini; kwamba kila sabuni na kila kiberiti kilichovuka Sirari au Namanga kilikuwa ni kazi aliyonyimwa kijana wa Tanzania; kwamba kodi ya uhamisho ilikuwa dawa ya polepole kwa maradhi ya haraka. Tena Kenya ilikuwa imeshikilia sehemu kubwa ya mali ya pamoja, hasa ndege, na mlango uliofungwa ulikuwa ndiyo silaha pekee iliyobaki mkononi. Kufungwa kwa mpaka kuliumiza Kenya pia, maana ilipoteza soko la jirani na njia ya kwenda Zambia. Na viwanda vya Tanzania, kikiwamo kile cha nguo cha Musoma kilichojulikana kwa jina la MUTEX, vilitarajiwa kuijaza nafasi iliyoachwa.

Hoja hizo zilikuwa na uzito Dar es Salaam. Mara zilipimwa kwa mizani nyingine. Kwa mkoa huu njia fupi ya bidhaa ilikatwa, na njia ndefu haikuwa tayari kuibeba kazi yake. Kisha mashaka yalifuatana: vita na Amin kuanzia Oktoba 1978, kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979, upungufu wa fedha za kigeni, na viwanda vilivyokosa vipuri. Sukari, sabuni, chumvi, nguo na vipuri vya baiskeli vikawa vitu vya kupangiwa foleni. Upande wa pili wa mpaka, kwa jamaa wa Mkuria yule yule, dukani vilikuwapo. Ng'ombe wa Tarime na kahawa ya vilima vyake vilikuwa na bei Kenya, tena bei ya fedha iliyoweza kununua kitu. Hapana haja ya kuwa mtaalamu wa uchumi ili kujua kilichofuata. Biashara haikukoma, iliacha barabara ikashika njia za panya, ikaacha mchana ikashika usiku, ikaacha jina la biashara ikaitwa magendo.

Hapo ndipo udhaifu wa daftari ulipodhihirika. Tangu mwaka 1977 hesabu rasmi ilionyesha kuwa biashara ya nchi mbili katika mpaka huu karibu imekwisha. Karani aliandika alichokiona, naye hakuona kitu. Lakini sukari iliyoliwa, khanga zilizovaliwa na ng'ombe waliopungua vilikuwa ni ushahidi wa daftari lingine, lisilo na muhuri. Serikali ilikosa ushuru iliokuwa ikiupata. Mkulima aliuza kwa hofu, na auzaye kwa hofu huuza kwa hasara. Na faida ilikwenda kwa yule aliyeweza kununua usingizi wa mlinzi. Lengo la ukaguzi lilikuwa kumlinda mnyonge. Kufungwa kabisa kulimkabidhi mnyonge kwa mlanguzi. Kodi ya uhamisho ilimruhusu mwenye kujenga kiwanda kupumua bila kumfanya mnunuzi kuwa mhalifu. Kufuli halikuweza kutenganisha mambo hayo mawili.

Jibu la serikali kwa magendo lilikuwa kali. Machi 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, msako ulianza nchi nzima dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi. Sheria maalumu ya mwaka huo iliunda baraza la kuwahukumu nje ya mahakama za kawaida, na wanasheria waliipinga kwa kuwa iliwanyima washtakiwa haki zilizozoeleka. Mwaka 1984 iliondolewa na nyingine ikawekwa mahali pake. Msako uliwapendeza wananchi wengi waliochoshwa na walanguzi, na jina la Sokoine likapendwa. Lakini pamoja na ulanguzi wa kweli ulifichua ukweli mwingine: bidhaa zilizotupwa vichakani na kufukiwa ardhini kwa hofu ya msako zilionyesha jinsi maisha ya watu yalivyokuwa yamezoea kuishi nje ya daftari. Kosa likishakuwa desturi ya wilaya nzima, hakimu peke yake hawezi kulitibu.

Tiba ilianza tarehe 17 Novemba 1983, Nyerere, Daniel arap Moi na Milton Obote walipokutana Arusha na mpaka ukafunguliwa. Mei 1984 nchi tatu zilitia sahihi mapatano ya kugawana mali ya Jumuiya iliyokufa, baada ya miaka ya usuluhishi wa Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Mwaka huo huo, katika bajeti iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, Tanzania iliwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Ruhusa hiyo ilikuwa ni ungamo la kimya. Serikali ilikubali kuwa kulikuwa na mali kubwa ambayo daftari lake halikuiona, na kwamba njia ya kuirudisha ndani ilikuwa kuifungulia mlango.

Jumuiya mpya iliundwa kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999, ulioanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Umoja wa forodha ulianza tarehe 1 Januari 2005, na waliouandika walionekana kuwa wamezisoma kurasa za zamani. Kwa miaka mitano ya kwanza baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kutozwa ushuru zikiingia Tanzania na Uganda, ushuru uliopunguzwa mwaka hadi mwaka mpaka ukaisha. Kodi ya uhamisho ilikuwa imefufuka kwa jina lingine. Katika mpaka wa Sirari na Isebania maofisa wa nchi mbili huketi katika kituo cha pamoja, ili mzigo ukaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani amewekewa cheti chepesi cha uasili kinachotolewa hapo hapo mpakani. Jambo hili la mwisho laweza kuonekana dogo. Kwa kweli ndilo badiliko kubwa kuliko yote, maana ni mara ya kwanza kwa daftari kutengeneza mstari kwa ajili ya mama mwenye vikapu viwili vya dagaa.

Isidhaniwe kuwa ugomvi umekwisha. Mahindi, sukari, maziwa na hata vifaranga vimekwisha kuzuiwa katika mipaka ya nchi hizi tangu Jumuiya mpya izaliwe, na kila mara sababu zilizotolewa zilikuwa za afya, za ubora, au za asili ya bidhaa. Baadhi ya sababu hizo huwa za kweli. Walaji wana haki ya kulindwa na sumu, na wakulima wana haki ya kulindwa na sukari ya ng'ambo iliyovikwa gunia la jirani. Lakini mwanafunzi wa historia ya Mara ana maswali matatu ya kuuliza kila anaposikia kuwa serikali inakagua biashara yake na jirani. Ukaguzi huu una kipimo na mwisho unaojulikana, kama ilivyokuwa kodi ya mwaka 1967, au hauna? Anayekagua ana faida yake mwenyewe katika kile kinachozuiwa? Na njia ya zamani ikizibwa, ipo nyingine iliyo tayari kuubeba mzigo?

Mwaka 1977 swali la tatu halikupata jibu, na walioligharimia si wale waliotia sahihi amri. Waliligharimia watu wa vijiji vya mpakani na wa mitaa ya Musoma, waliopanga foleni mchana na kutembea usiku. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na walisema kweli. Watu wa Mara wanaweza kuongeza neno moja katika kweli hiyo: mtu naye akiachwa nje ya daftari, hupotea vivyo hivyo.